Jani Lisilotaka Kufutwa

Mimi ni muuza vigae mjini Moshi, na mama yangu alipofariki sikutaka mtu mwingine anichagulie cha kumfunika. Kwetu mlimani tunazikana nyumbani, kihambani, katikati ya migomba na kahawa. Nikamjengea kaburi la vigae vyeupe, nikajisifu mbele ya ndugu kwamba havishiki uchafu.

Vilishika. Kila mvua ilirusha udongo mwekundu juu yake, na kila asubuhi baba yangu, mzee mwenye goti bovu, aliinama kuvifuta. Masika haya aliteleza pale akaumia nyonga. Nikamwambia achague: aache kufuta, au ahamie kwangu mjini, Shirimatunda. Alikataa yote mawili kwa upole, na mzee wangu akikataa kwa upole, ujue umegonga mwamba.

Jumamosi moja nikapanda na gari kumchukua, atake asitake. Nikamkuta kaburini na kitambaa chake. Nilimpa shikamoo yenye hasira, kama hiyo inawezekana, nikanyakua ndoo nikaenda mfongoni, ule mfereji unaotuletea maji shambani, ili niimalize ile kazi mwenyewe tuondoke. Nilichota kwa fujo, matope yakarukia magimbi yaliyoota ukingoni.

Hapo nikasahau hasira. Yale maji machafu hayakulilowesha jani. Yalijikusanya yakawa matone ya mviringo kama shanga, yakabingirika hadi chini, yakazoa njiani hata vumbi lililokuwapo kabla. Jani likabaki kavu na safi. Nikalimwagia tena, na tena. Nimeyala magimbi tangu utotoni, nimepita hapo maisha yangu yote, na sikuwahi kuyatazama.

Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba jani lile lina vinundu vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, vimefunikwa na nta. Tone la maji hukaa juu ya ncha zake, hewa ikiwa chini yake, likakosa pa kushika. Likibingirika, linaondoka na uchafu. Lakini siku ile sikujua lolote, nilimwita Baba tu aje aone.

Alikuja akichechemea, nikamkalisha kwenye jiwe. Akalimwagia jani maji kwa kiganja, akacheka, akarudia. Kisha, kwa mazoea, akalisugua kwa kile kitambaa. Maji yaliyofuata yaligoma kubingirika. Yalitandaa pale pale aliposugua, yakaacha tope.

Alilitazama lile doa, kisha akageukia kaburi.

"Mama yako alikuwa mtu wa shamba, mwanangu," akasema. "Sisi tumemlaza bafuni."

Nilicheka, halafu nikalia. Alisema "sisi" kwa kunistahi tu. Vigae vilikuwa vyangu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda na fundi. Vigae vikabanduliwa, zege likavunjwa. Masale, mimea yetu ya kuheshimu wafu, tuliyaacha pembeni yanapostahili, na katikati tukapanda magimbi kutoka mfongoni. Habari ya Shirimatunda sikuigusa tena.

Siku hizi mvua ikinyesha, Baba hakimbilii kitambaa. Hukaa kibarazani na kikombe chake cha chai, akimtazama mkewe anavyojisafisha mwenyewe.