Kibali Nyuma ya Ikama

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi nilimpoteza kaka yangu, mlinzi wa nyumba huko Aziziya, Jeddah. Kwetu Tanzania alikuwa na kibali cha kubeba bastola. Huku hakikutambuliwa, bosi wake alimpa tochi, nami nilimtania kwenye simu, “Komando wa tochi, hujambo?” Hata hivyo alikiweka nyuma ya ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi, kila siku. Nilipokwenda kumzika nilikichukua, kwa kuwa kilikuwa na picha yake, nami sikuwa na nyingine.

Nikirudi kwa basi Riyadh, ninakofanya kazi, nilikipapasa njia nzima. Nilikiweka nyuma ya ikama yangu, kama yeye, na basi liliposimamishwa nikampa askari aliyepanda kukagua vyote pamoja.

“Bastola iko wapi?”

“Mafi, bosi, hakuna. Mwenyewe amekufa. Nataka picha tu.”

“Hapa hakitambuliwi.”

Akanirudishia ikama peke yake, akashuka, na basi likaondoka.