Skrubu ya Kukwaruzwa

"Ati niuze ng'ombe, nipande ndege mpaka India, halafu niwekewe jino lililokwaruzwa kama sufuria ya ugali?" Fundi wa nguo tunayepakana naye hapa sokoni Kitale alinisukumia simu. Tangu meno yake ya mbele yang'oke, huongea akiwa amefunika mdomo kwa tepu ya kupimia, na kwaya ya kanisa amewaachia wengine. Nami nimechoka kumsomea jumbe za madaktari wa huko. "Dada, kinachokwaruzwa ni skrubu inayoingia ndani ya taya, ili mfupa uishike. Jino lenyewe ni laini. Si hata nyumba ya mama yako kule Chwele tulikwaruza udongo wa kwanza ndio wa pili ushike?" Akakunakuna ukingo wa meza kwa ukucha, kama kawaida yake kabla ya kukata kitambaa, kisha akaniuliza, "Na ule ukuta wa jikoni, Mama Phanice, tuliouacha laini?" "Si ulibanduka mvua ya kwanza tu!" nikamjibu. Akacheka mpaka tepu ikaanguka. Hakuiokota. Akaanza kuimba, mdomo wazi, kila "s" ikitoka kama filimbi, ule wimbo alioahidi kuniimbia kwenye mazishi ya mume wangu akashindwa kwa aibu ya mapengo.