Manifold mbili, spesa mbili na kilima cha pantoni: nilivyookoa pikapu ya marehemu baba isiuzwe

Wakuu, salamu kwenu mlioko gereji, na nyie mliojificha ofisini mnasoma huku bosi anapita nyuma.

Nimeona humu watu wengi wanauliza "nifunge manifold gani gari liwe na nguvu", halafu majibu yanatoka kwa watu ambao hata boneti hawajawahi kuifungua. Mimi nimefunga mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza iliniumbua mbele ya umati, ya pili ndiyo ninayotembelea leo. Nitasema yote, na ya aibu nitayasema pia.

Twende.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alituachia pikapu ya zamani, injini ya kabureta. Alikuwa anabebea masufuria ya dada yake, shangazi Zuhura, ambaye ni mpishi wa shughuli. Kwa huku kwetu Ilala na Kariakoo, harusi ikitangazwa tu, watu wanauliza kama shangazi Zuhura ana nafasi siku hiyo. Baba alipofariki, kazi ya kumbeba nikaichukua mimi.

Shida ni kwamba siku hizi wateja wake wengi wako Kigamboni, na sisi njia yetu ni pantoni ya Magogoni, kuvuka mkono wa bahari.

Kwa wasiopita pale niwaeleze kidogo. Maji yakijaa, pantoni inakuwa juu, unatoka kama unatoka sebuleni kwenda barazani. Maji yakitoka, hasa siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, pantoni inashuka na mbele yako kinabaki kilima cha zege. Unakipanda kwa gia namba moja, polepole, kwa sababu mbele kuna bajaji na akina mama wenye mabeseni kichwani. Huna pa kuvutia kasi.

Pikapu ikaanza kuzima pale. Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Mara ya pili kaka yangu Idrisa, ambaye ndiye mkubwa wetu na kadi ya gari anayo yeye, akaniita.

"Dogo, ikizima tena naiuza. Mtu wa kuinunua ninaye."

Iliniuma sana. Mimi usukani nimeujua nikiwa nimekaa mapajani kwa baba ndani ya gari ile. Nikamwambia kaka anipe mwezi mmoja tu, atashangaa mwenyewe.

Sasa wakuu, mimi kwenye magari najiamini. Video nimeangalia nyingi. Nikajua dawa ni manifold, yaani lile bomba lenye matawi linalopeleka hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi kwenye injini. Na spesa, kile kipande kinachokaa kati ya hizo mbili kuinyanyua kabureta juu kidogo. Ukibadilisha hivyo viwili, injini inapumua vizuri. Hilo ni kweli kabisa, ila subirini.

Nikaenda Msimbazi, kwenye duka la spea la mzee Nassor. Huyu ni mzee wa Kiarabu, mtoto wa mjini, duka kaachiwa na baba yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sampo iko wapi?"

Mnaonunua spea Kariakoo mnajua hii kitu. Unakwenda na kifaa cha zamani mkononi, muuzaji anakipindua, anakilinganisha, ndipo anakupa. Mimi nilikwenda na picha ya kwenye simu. Tena haikuwa ya gari letu, ilikuwa ya gari la mashindano la huko mbele!

Mzee akaiangalia, akanirudishia simu. "Unabeba nini? Unapanda wapi?"

Mimi niliona ananipotezea muda. Juu ya rafu kulikuwa na manifold moja, matundu mapana, matawi mafupi, imeng'arishwa hadi unajiona. Pembeni yake spesa nene ya alumini. Nikasema nataka hizo hapo. Akaniambia, "Hizi za watu wanaokimbia, mwanangu." Nikajibu na mimi nakimbia. Hakubishana, akanifungia kwenye boksi.

Fundi wangu ni Chidi wa Gerezani. Alipofungua injini akatoa spesa ya zamani, kipande cheusi cha faiba, kimepasuka kona moja. "Hii naona ilikuwa inavuta hewa," akasema. Nikamwambia tupa, tunafunga ya kisasa.

Spesa ya alumini ilinyanyua kabureta hadi boneti ikagoma kufunga. Chidi akachukua nyundo akaitoa boneti nundu. Nilivyo na akili, nikaipenda ile nundu, nikawa napaki gari iangalie barabarani watu waione.

Nikaenda kuijaribu. Asubuhi na mapema, nyuma hamna kitu, nikavuka kwenda Kigamboni. Wakuu, ile gari iliondoka! Kwenye barabara nyeupe, mguu ukizama, ilikuwa inalia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kilima cha pantoni nilikipita hata sikukumbuka kwamba kipo.

Na kosa langu lilikuwa pale pale. Maji yalikuwa yamejaa. Hapakuwa na kilima siku ile. Mtu niliyezaliwa mjini hapa, ninayeijua pwani yetu, nilipima gari ya mizigo ikiwa tupu, asubuhi ya baridi, bahari imejaa, nikajipongeza.

Nikampigia kaka: "Kazi imekwisha." Akasema tutaona.

Shughuli ya kwanza ilikuwa Jumapili, harusi ya mchana. Tukapakia masufuria mawili ya pilau, moja la mchuzi wa nyama, na shangazi mbele pembeni yangu na ushungi wake. Foleni ya Magogoni ikawa ndefu, jua limesimama utosini, injini inaunguruma tu pale tulipo. Kuingia kwenye pantoni ikaanza kukohoa kidogo. Nikajifanya sijasikia.

Tukafika ng'ambo. Maji yametoka hadi mchanga unaonekana.

Nikaweka gia namba moja, nikaachia klachi. Ikapanda kidogo, ikatetemeka, ikazima. Nikapiga stata, ikawaka, nikaongeza mafuta, ikakohoa, ikazima tena. Halafu ikarudi nyuma kama hatua mbili kabla breki haijashika, na sufuria la mchuzi likalala ubavu.

Honi nyuma. Watu wanacheka. Abiria wakatusukuma hadi juu, na mchuzi unatiririka kwenye zege. Kuna jamaa akapaza sauti kwamba leo pantoni imeungwa nazi.

Shangazi hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema tu, "Nina watu wanasubiri chakula." Akanunua vitunguu na nyama hapo hapo Kigamboni, akaupika mchuzi upya uani kwa watu, na harusi ikala kwa kuchelewa. Nilikaa pembeni namenya vitunguu, machozi yananitoka na vitunguu nikavisingizia.

Kaka alijua kabla sijafika nyumbani. Nikamwomba Jumapili moja tu zaidi, ya wiki mbili mbele, bamvua inaporudi. Akakubali, ila akasema safari hiyo atakaa mwenyewe ndani ya gari.

Kesho yake nikarudi kwa mzee Nassor. Mara hii nilibeba manifold ya zamani kwenye kiroba, na kile kipande cha faiba ambacho nilikichimbua kwenye pipa la Chidi. Nikamsimulia yote, hadi vitunguu. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanifundisha, na hapa ndipo nawaomba msome taratibu.

Manifold ya matundu mapana na matawi mafupi inataka injini inayozunguka kwa kasi muda wote. Ukiwa gia namba moja na mzigo, hewa inapita humo kivivu, petroli inadondoka njiani badala ya kuchanganyika, injini inakosa nguvu. Ya kubebea mzigo inatakiwa matawi marefu na membamba, hewa ikimbie hata mzunguko ukiwa mdogo.

Spesa nayo. Alumini inapitisha moto wa injini kwenda kwenye kabureta. Ukikaa foleni na jua la Dar, petroli inachemka humo ndani na gari linazima. Faiba inazuia moto. Kipande nilichosema kitupwe ndicho kilichokuwa kinaikinga kabureta, kosa lake lilikuwa kupasuka tu.

"Mimi nilikuuliza unapanda wapi," akasema.

Alilinganisha sampo, akanipa manifold ya matawi marefu, matundu yake safi kuliko ya ile ya baba, na spesa mpya ya faiba, nyembamba. Zile za kung'aa alizipokea zirudi kwenye rafu. Chidi akafunga na gasketi mpya, akawasha injini na kunyunyiza maji kwenye maungio yote, anasikiliza, maana panapovuta hewa mlio unabadilika. Haukubadilika.

Jumapili hiyo ikafika. Safari hii niliuliza kwanza wavuvi pale feri maji yanatoka saa ngapi. Wakasema saa sita, tena bamvua. Nikapakia viroba vya mchanga, uzito wa masufuria yote ya shangazi na zaidi. Kaka akakaa pembeni, mikono kwenye magoti.

Foleni ndefu, jua lile lile. Injini sikuizima.

Kutoka kwenye pantoni, katikati ya kilima, mama mmoja mwenye beseni la mihogo akasimama kujifunga kanga. Nikakanyaga breki. Gari zito, mbele kilima, nyuma lori. Kaka akashika dashibodi.

Mama akapita. Nikaachia klachi taratibu.

Ikapanda. Bila kukohoa, bila kelele, ikapanda hadi juu kama haina mzigo.

Kaka akasema, "Paki hapo. Teremka." Nikajua kimenuka. Nikateremka, yeye akahamia kwenye usukani, akaushika tu bila kuendesha. Tangu tumzike baba hakuwahi kukaa pale.

"Ilikuwa ikizima, watu wakipiga honi," akasema, "mimi nasikia wanamzomea baba. Ndiyo maana nilitaka iondoke."

Akalia, kaka yangu Idrisa, mchana kweupe. Na mimi nikalia, bila vitunguu. Kisha akatoa simu akampigia yule mnunuzi, akamwambia samahani, gari haiuzwi.

Kwa hiyo wakuu, kabla hujanunua kitu cha kung'aa, jua injini yako inafanya kazi gani na inafanyia wapi. Nenda na sampo. Muuzaji akikuuliza swali, mjibu. Na gari ya mzigo ipimwe na mzigo, pale pale inapokushinda, saa ile mbaya. Anayesema manifold na spesa haviongezi kitu ni mwongo, vinaongeza, ukichagua vya kazi yako.

Mwenye uzoefu wake auweke hapo chini, na mwenye kubisha pia karibu. Leo nina muda wa kumjibu kila mtu. Shangazi ana harusi Kigamboni, na funguo kang'ang'ania kaka.