Kifungo cha Koti

Binti wa mdogo wangu aliletwa kwangu hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, akiwa na begi moja na kuku. Mama yake alikuwa amepata kazi ya kuwapikia wachimba dhahabu kule Saza, na Saza si mahali pa kumlea mtoto wa miaka minane, kwa hiyo nikaambiwa mimi mama mkubwa nikae naye. Kuku tulimchinja Jumapili. Mtoto akabaki, anakaa kwenye kigoda kando ya cherehani yangu bila kusema neno, anaokota vifungo vilivyoanguka na kuvipanga kwa rangi.

Shuleni walikuwa wanamcheka. Alikuwa amelelewa na bibi yake Ileje, kwa Kindali, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za kule milimani. Watoto wa hapa kwetu, waliokulia kando ya barabara ya malori na wanajua kumtania hata Mzambia kwa lugha yake, walimwigiza kila alipofungua kinywa. Akaona heri asifungue. Mwalimu wake aliniambia kwamba wakati wa mapumziko anasimama peke yake kwenye ukuta wa choo. Hilo la ukuta wa choo liliniuma kuliko yote. Sikutaka awe wa kwanza darasani wala nini, nilitaka apate rafiki mmoja tu wa kusimama naye mahali pengine.

Mazingaombwe niliyakuta kwenye simu nikiwa natafuta mishono ya vitenge. Kijana fulani wa ng'ambo alikuwa anapoteza sarafu mkononi. Lugha yake sikuielewa hata kidogo, nikazima sauti nikabaki kutazama vidole. Asubuhi kabla wateja hawajaja nilijaribu kwa kifungo cha koti, kile kikubwa cheusi. Unajifanya unakihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kumbe kimebaki kulekule kulia. Vidole havikunipa shida, mimi ni fundi. Shida ilikuwa macho. Macho yangu yalikuwa yanarudi kwenye kifungo kama mbuzi kwenye shamba la watu.

"Kipo huku," alisema mtoto, akaugusa mkono wa kulia. Kumbe alikuwa ananitazama muda wote kutoka kwenye kigoda chake.

Nikarudia, akanikamata tena. Nikarudia, akacheka, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka nyumbani kwangu. Siku nilipofanikiwa kumdanganya, aliniomba nimfundishe.

Nilimfundisha kama ninavyomfundisha mwanafunzi wa cherehani, yaani kwa kelele nyingi. Nilimwambia macho yaufuate mkono mtupu. Nilimwambia atabasamu, kwa sababu mtu akiona tabasamu anasahau kuangalia vidole. Na nilimwambia asimfungulie mtu yeyote mkono, hata akiombwa vipi. Ukishafungua mkono, nilisema, mchezo umekufa. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa, kama mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba.

Ni mimi pia niliyesema kifungo hakifai kwa mchezo wa shuleni. Haking'ai, na mtoto wa nyuma hawezi kukiona. Nikampa sarafu ya shilingi mia mbili. Laiti ningemwachia kifungo chake. Sijawahi kusikia mtu akiogopa kifungo.

Basi akaenda nayo shuleni, na mambo yakabadilika upesi. Mchezo ule unataka maneno, huwezi kuufanya ukiwa bubu, na yeye akalazimika kuongea. "Tazameni hela, tazameni vizuri," alikuwa anasema kwa ile sauti yake ya kupanda na kushuka, na watoto wale wale waliokuwa wanamwigiza kwa kejeli wakaanza kumwigiza wakitumaini kwamba labda siri imo kwenye sauti. Wakawa wanakuja naye hadi kibarazani kwangu. Nilikuwa nawafokea kwamba wananikanyagia vitambaa, lakini moyoni nilikuwa nimejaa furaha mpaka naona aibu.

Kisha akaufanya mchezo dukani.

Duka liko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwenye duka ni mama mmoja rafiki yangu, nguo zake zote nashona mimi. Nilimtuma mtoto sukari, naye badala ya kulipa akawaonesha wateja ile sarafu, akafumba mkono, akafumbua, hakuna kitu. Halafu akaitoa nyuma ya pakiti ya chumvi. Watu walicheka, mwenye duka naye alicheka. Bahati mbaya siku chache baadaye droo yake ya mauzo ikapungua, na huku kwetu mpakani, ambako kila mtu anauza kitu, hela ikipungua bila maelezo watu hawaanzi na hesabu. Wanaanza na chuma ulete, yule mtu mwenye dawa anayeigusa hela yako na kuondoka na nyingine zilizomo ndani ya droo. Nani tena, kama si mtoto anayepoteza hela mchana kweupe?

Hakuna jirani aliyeniambia. Aliyeniambia ni mtoto mwenyewe, tena kwa kushangaa tu. "Mama mkubwa, dukani siku hizi hawapokei hela mkononi mwangu. Wananiambia niweke hapo juu ya meza. Na kwenye droo wameweka limau."

Limau ni kinga ya chuma ulete. Nikainua macho kutoka kwenye kazi nikaona kibaraza. Kilikuwa kitupu, na nikagundua kwamba kilikuwa kitupu tangu wiki iliyopita.

Hasira hasara, tunaambiana kila siku. Nilimshika mtoto mkono nikaenda naye, na ilikuwa Jumamosi asubuhi, duka limejaa. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba nimesikia nyumba yangu inafuga mchawi, basi na tumwone sote. "Haya, waoneshe!"

Akafanya. Naapa hajawahi kufanya vizuri vile. Mkono wa kushoto ukafumbwa taratibu, macho yake yakaufuata, akatabasamu, na hata mimi niliyemfundisha niliutazama mkono wa kushoto. Akaufungua, mtupu. Mwanamke mmoja akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake.

"Sasa waoneshe ilipo."

Akaniangalia. "Mama mkubwa, ulisema nisi…"

"Fungua!"

Hakufungua. Alikuwa ameufumba mkono wa kulia mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nikavifungua mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa mikono hii iliyozoea kukata jinzi. Sarafu ilikuwa humo, imelowa jasho. Nikaiinua juu watu waione.

"Jamani, kumbe mchezo!" alisema mwenye duka. Alishusha pumzi, akacheka, akampa mtoto soda ya bure. Ila nyuma kulikuwa na mmoja wa wale watoto wa kibarazani, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Kumbe usanii tu."

Mpaka jioni jina lake lilikuwa limesafishwa. Wengi waliniambia nimefanya la maana, na ni kweli, jina la namna ile humfuata mtoto wa kike mpaka siku ya posa. Mdogo wangu naye alinishukuru kwa simu. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, na mimi ninajiuliza kila ninapokaa kwenye cherehani. Mchezo ule niliujua. Mikono yangu ninayo miwili. Ningeweza kusimama pale dukani nikaufanya mimi, nikaufungua mkono wangu mwenyewe, na yeye akabaki na wake umefumbwa. Halikunijia kichwani. Nilitaka sana waone kwamba mkono wake ni safi, nikasahau kwamba ni wake.

Watoto walikuja siku mbili tatu zaidi, kila mmoja akidai aoneshwe. Walipojua wote hawakuwa na haja naye tena. Siku hizi nikimtuma dukani ananyoosha hela juu ya kiganja kilichotandazwa, vidole vimeachana, na chenji ananirudishia vilevile, hata tukiwa wawili tu ndani. Nimemwambia hana haja ya kufanya hivyo. Anaitikia, "Ndiyo, mama mkubwa," na kesho anafanya tena.

Juzi nilikichukua kifungo cha koti. Nilikuwa nimejaribu peke yangu asubuhi kadhaa, ingawa vidole vimeanza kukakamaa na kidole gumba kinajitokeza nje kama mjinga. Nikamwita. "Kipo wapi?"

Hakuitazama mikono. Alinitazama mimi, muda mrefu. Gumba la kulia lilikuwa limejitokeza kabisa, kipofu angeliona, na huyu ndiye aliyekuwa akinikamata kabla hata hajajua mchezo. Akaugusa mkono wa kushoto.

"Kipo hapa."

Nikafungua, hakuna kitu.

"Umenishinda, mama mkubwa," alisema, akatabasamu. Lilikuwa lile tabasamu nililomfundisha mimi. Kisha akainama chini ya cherehani, akaendelea kuokota vifungo.