Injini Ilisikika Mpaka Isinya

Mume wangu Obonyo alikuwa fundi wa magari Kitengela tangu 1994, na hakuna kitu kilichomkera kama mtu anayebadilisha injini halafu akadhani kazi imeisha. Aliwaambia wateja kila siku: injini ni mdomo tu, mwenye kubeba mzigo ni vyuma vya chini. Hawakumsikia. Watu wa mji wetu walichagua magari kwa masikio.

Mwaka 2001 akaja Abdishakur, mpwa wa Mzee Jimale muuza ng'ombe. Alikuwa na gari jekundu la michezo, la milango miwili, na injini kubwa kutoka Japani ya kuwekwa humo. Obonyo alikubali kwa sharti: klachi ibadilishwe, difu, ile gia ya kati ya magurudumu ya nyuma, iwe nzito zaidi, na zile shafti mbili zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma zitolewe, ziwekwe nene za pikapu. Akazipata, akazipeleka kwa mchonga vyuma zikatwe kwa kipimo cha gari lile.

Injini iliingia kwanza. Ijumaa ikawashwa, ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Abdishakur akapiga makofi.

"Bado, bwana," Obonyo akamwambia. "Shafti ni zile za zamani. Hii gari haitoki hapa."

Jumapili tulikwenda kanisani. Tuliporudi, gari halikuwepo. Abdishakur alikuwa amemdanganya mlinzi kwamba fundi ameruhusu. Kumbe siku hiyo dada yake, Ayan, alikuwa anaolewa Kajiado, na mnaijua misafara ya harusi: honi, mbio, kila kijana anataka kuwa mbele. Karibu na Isinya akakanyaga mafuta. Shafti ikakatika, gari likazunguka na kuziba barabara, na bibi harusi akangoja juani huku wanaume waliovaa nguo za sherehe wakisukuma.

Hakuna aliyeumia. Kilichoumia ni jina la mume wangu. Abdishakur alisimama katika hoteli wanakokunywa chai wauza mifugo, akatangaza kwamba Obonyo ni fundi bandia, amemharibia dada yake harusi. Baada ya hapo karakana ikawa kimya. Hata Wakhungu, tuliyekaa naye benchi moja kanisani, alipeleka gari lake kwingine, na Jumapili bado alikuwa na uso wa kutusalimia! Obonyo alinyamaza. Mimi nilichemka. Mtu akuchukulie kazi kabla hujaimaliza, aiharibu, kisha wewe ndiwe uone haya? Wanasema mnyonge hana haki, lakini mimi sikuumbwa kunyamaza.

Nikaenda kwa Mzee Jimale, kwa sababu kwao kesi ya familia haiendi polisi kabla ya kupita kwa wazee. Nikamweleza yote. Kesho yake akaja karakana na wazee wawili, na mpwa wake nyuma.

Obonyo akafungua gunia lililolowa mafuta. Shafti zote mbili zilikuwa ndani, mpya, hazina hata mkwaruzo.

"Hizi ndizo zilikuwa ziingie?" Mzee Jimale akauliza.

"Ndizo, mzee."

Akamgeukia mpwa wake. "Na wewe ulitoka na zile za zamani?"

Abdishakur akatazama viatu vyake. "Pole, fundi," akasema.

"Pole ya hapa kaa nayo," Obonyo akamjibu. Sijawahi kumsikia akiongea vile. "Ulinichafua hotelini. Nisafishe huko huko."

Tukaenda sote. Hoteli ilikuwa imejaa. Abdishakur akasimama kati ya meza, akanong'ona kwamba gari alilichukua mwenyewe kabla halijamalizwa. Watu wa nyuma wakaulizana amesema nini. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Paza sauti, kijana! Injini yako ilisikika mpaka Isinya!"

Akarudia, na safari hii hata mpishi akatoka jikoni kusikiliza.