Kalvati Zilizolala Chini ya Mablanketi

"Huyu ndiye atajenga barabara za Uganda? Si ndiye aliyeitoroka akiwa na kiatu kimoja?"

Hivyo ndivyo walivyosema vijana wa kona yetu pale Langas, mtaani Eldoret, tena kwa sauti. Waliongeza kwamba diploma yangu ya ujenzi ingefaa kufungia sukari, na kwamba singemaliza kazi ile hata nikipewa miaka mitatu. Niliimaliza kwa miezi mitatu.

Habari ya kiatu ni kweli. Nilisomea Kampala, nikaajiriwa huko, na vita vilipoingia mjini nilivuka mpaka wa Malaba na diploma ndani ya shati na kiatu cha kushoto. Niliapa kutorudi. Lakini miaka ilipita, bunduki zikatulia, na malori yakaanza kupita Eldoret kutwa yakielekea magharibi na mabati, misumari na vioo vya madirisha. Nchi nzima ilikuwa ikinunuliwa upya. Wenzangu waliyatazama malori. Mimi niliyasimamisha.

Dereva mmoja alinipeleka kwa mkandarasi Mganda aliyefikia hoteli ya mjini. Alikuwa akifufua barabara iliyoharibiwa, na alitaka kalvati, zile pete kubwa za simiti zinazopitisha maji chini ya barabara. Nilimwambia nazitengeneza. Sikuwa nimetengeneza hata moja.

"Mia moja kabla ya mvua," akasema. "Ikipasuka, ni yako."

Sikuwa na kitu, kwa hiyo niliazima kila kitu. Fundi bati alinipa kalibu za kumwagia simiti. Mama mwenye duka alinipa simiti yenyewe. Mkulima mmoja wa Chepsaita alinipa mkokoteni na ng'ombe wake wawili. Kalvati kumi za kwanza nilizifungua kalibu baada ya siku mbili, kama tulivyozoea Kampala. Zote zikapasuka.

Jirani yangu, mama mjane, aliziangalia juu ya ua.

"Wewe mwenye diploma, hapa si Kampala. Hapa Julai ugali unapoa kabla haujafika mdomoni. Hizo mawe zako zinasikia baridi."

"Mama, simiti haisikii baridi."

"Basi mbona imekufa?"

Jibu lilikuwa katika daftari langu la mwaka wa pili: penye baridi, simiti hukomaa polepole. Nililisahau kwa sababu Kampala hakuna aliyelihitaji. Kalvati zilizofuata nilizifunika kwa magunia mabichi na mabua ya ngano, nikaona bado hayatoshi. Nikaomba mablanketi kanisani. Kina mama walicheka mpaka wakashika viuno, kisha wakayaleta, wakiwa wamepanga mstari mrefu hadi kiongozi wa chama wa mtaa akaja kuuliza kama tuna kibali cha mkutano.

Yule mjane alileta blanketi lake la kijivu lenye mstari mwekundu. Marehemu mumewe alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwanda cha nguo. Yeye alibaki akilala na leso mbili na koti la marehemu.

"Likipotea usiniletee pesa," alisema. "Pesa haikuwahi kunifunika."

Kalvati zilikomaa. Ukizigonga kwa jiwe zilitoa mlio wa kengele. Malori yakazichukua zote mia moja, mkandarasi akalipa, nami nikazunguka Langas nikirudisha: kalibu, simiti, mkokoteni, ng'ombe wakiwa wamenenepa kuliko nilivyowachukua, na mablanketi yaliyofuliwa. Lilikosekana moja, la mjane. Wapakiaji walikuwa wamelikunja katikati ya kalvati mbili za mwisho ili zisigongane.

Nilimpelekea mjane blanketi jipya, zito, la mjini. Alilipapasa.

"Zuri. Mpe mke wako. Mimi nilikuazima langu."

Kwa hiyo nilivuka Malaba tena, nikiwa na viatu viwili, vya ngozi, na lile blanketi jipya begani. Nilizikuta kalvati zangu chini ya udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imenyesha. Maji yalipita ndani yake, na juu akapita mama mmoja na baiskeli iliyolemewa na ndizi, bila hata kutazama chini. Mlinzi wa vifaa vya barabara alikuwa kibandani, amejifunga blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu mabegani. Nilimpa lile jipya, nikachukua la mjane, naye akanishukuru kana kwamba nimepunjwa.

Niliporudi Langas, mjane alilinusa blanketi lake.

"Linanuka moshi. Na barabara?"

"Inapitisha maji, Mama."

"Haya. Sasa umemaliza."

Nilitoka kwake nikiwa sina kitu cha mtu hata mmoja. Wale vijana walionicheka kwa kiatu kimoja walikuwa bado pale kwenye kona. Niliwasalimu, nikapita polepole, ili waangalie chini wakitaka.