Kilo Arobaini za Hermelinda

Ukitaka kujua kambi ina askari wangapi, usihesabu mahema wala magari. Muulize anayewauzia tortila. Askari mmoja anakula chapati zetu hizo za mahindi kumi kwa siku, na kilo moja inawatosha watatu. Mtu yeyote wa kijiji chetu cha Las Parotas anaweza kupiga hesabu hiyo kichwani, hata mimi niliyeacha shule darasa la tatu.

Mimi ni Soledad, wananiita Chole. Nimepima tortila kwenye duka la Hermelinda Bustos miaka kumi na tisa, na wanaomsema vibaya leo waje waniambie mimi usoni.

Hermelinda alikuwa mfupi, mnene, mikono imejaa makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, na hakujua kumwogopa mtu. Ukiruka foleni anakurudisha nyuma hata kama wewe ni padri. Na padri alirudishwa kweli. Mumewe, Abundio, alikuwa mrefu, mpole, na kila Ijumaa alikwenda mjini Apatzingán na pikapu kuleta mahindi. Huyo uongo haukumkaa usoni hata kidogo. Akipata karata mbaya, meza nzima inajua kabla hajacheza.

Foleni ya asubuhi ndiyo ilikuwa bunge letu. Mwalimu Crispín alikuwa na wimbo wake mmoja: serikali ihalalishe bangi na unga wa kulevya, viuzwe kwa leseni kama bia, na jamaa wa mlimani, wale wenye bunduki, watakosa cha kupigania. Toribio, mwenye shamba la ndimu, alimwona Crispín mjinga wa kusoma. Yeye alitaka jeshi liletwe, basi. Walibishana hivyo miaka, mpaka siku moja Hermelinda akachoka.

"Mwalimu, tortila ni haramu?"

"Hapana, mama."

"Mbona jamaa wananichukulia peso mbili kila kilo? Na ndimu za Toribio wanazozitoza, nazo zinalevya?"

Foleni ikaangua kicheko, na Toribio akacheka kuliko wote. Hermelinda akamkata jicho.

"Na wewe usicheke. Askari ni wageni. Mgeni akishiba ataondoka, sisi atatuacha na nani?"

Jeshi likaja Machi. Watu mia na ishirini, wakapiga mahema kwenye uwanja wa shule. Toribio alichinja nguruwe. Jamaa wakapanda mlimani, zile peso mbili zikakoma, na sitaki unafiki, nilifurahi mpaka nikalia. Kila asubuhi askari wawili walikuja na gunia lao kuchukua kilo arobaini. Lakini kazi yao, kwa tulivyoona, ilikuwa kukaa. Kilomita nne tu kutoka pale, darajani, jamaa waliendelea kusimamisha magari mchana kweupe. Ukiwauliza askari, wanasema daraja halimo kwenye amri yao.

Haikupita mwezi akaja Delfino, muuza chanjo za ng'ombe. Ni mtu wa hapa hapa, mstaarabu, anavua kofia akiingia, na akipita kambini askari wenyewe wanampungia mkono. Alinunua nusu kilo, akauliza kama anayeuliza hali ya hewa, askari leo wamechukua kilo ngapi.

Hermelinda alimuuliza inamhusu nini.

"Hainihusu, Bi Herme. Nauliza tu. Abundio anapita darajani kila Ijumaa, na jamaa pale wanampenda sana."

Akamjibu arobaini. Ulikuwa ukweli. Tangu siku hiyo Delfino alikuja kila asubuhi saa nne, akanunua nusu kilo, akapewa namba yake. Na kila Ijumaa Abundio alirudi salama. Nani kati yenu angefanya vingine?

Agosti, baada ya mvua kubwa ya siku mbili, askari mmoja alikuja peke yake, gunia limelegea. Akaomba kilo kumi na mbili. Mahema yalikuwa bado yamesimama na taa zinawaka, kwa hiyo nilidhani nimesikia vibaya. Hermelinda akamuuliza wengine wako wapi. Akatazama chini, akasema wamehamishiwa jimbo jingine, na waliobaki watafuata. Hata kutuambia hawakutuambia! Tuliwafulia, tuliwapikia, watoto wetu waliimba kwa ajili yao, na wao wanatoka kwenye mvua kama wezi wa kuku.

Saa nne Delfino akavua kofia. Hermelinda alikuwa akifuta meza. Hakuinua macho.

"Arobaini," alisema.

Delfino akachukua nusu kilo yake, akashukuru, akaenda zake.

Aliponieleza nilimwelewa. Mlimani wakijua wamebaki thelathini na sita watashuka, na watakaoanza nao ni wale waliowauzia askari, waliowafulia, waliochinja nguruwe. Yaani kijiji kizima. Alitaka siku chache watu waondoke. Kwa hiyo kila niliyempimia kilo nilimnong'oneza: nenda kwa dada yako Uruapan, nenda kwa mwanao, mzee, usibebe vitu vingi. Katika siku kumi na mbili ziliondoka familia thelathini na moja. Na kilo arobaini zilipikwa kweli kila siku, kwa sababu mashine yetu ya tortila ilipiga kelele mtaa mzima na mtu angejua imezimwa mapema. Zile ishirini na nane za ziada nilizibeba kwenye ndoo nikawapa nguruwe. Walinenepa mpaka wakashindwa kupita mlangoni. Mimi na Hermelinda tulicheka siku ile, Mungu atusamehe.

Siku ya pili ya uongo ule nilimuuliza kuhusu Abundio.

"Hajui kitu, na hatajua," alisema. "Darajani watamsoma usoni kabla hajashusha kioo. Asiyejua hana cha kusema."

Nilimwambia azuie safari. Akasema Abundio asipoonekana Ijumaa watajua kuna jambo. Nikafikiri, nikaona yuko sahihi. Nasema wazi: nilikubali.

Ijumaa ya kwanza Abundio alirudi na mahindi yake, anapiga mluzi. Ijumaa ya pili hakurudi. Hermelinda alikaa mlangoni mpaka kukacha, na asubuhi akawasha mashine kama kawaida, kwa sababu hakujua la kufanya jingine.

Delfino alikuja saa nne. Alisubiri wateja wawili wa mwisho watoke.

"Kumi na mbili, Bi Herme," alisema, bila hasira yoyote. "Tulijua tangu siku ya kwanza uliponidanganya. Kapteni wa kambi mwenyewe alituambia wangapi wanaondoka na lini, tena kabla hawajafunga mizigo. Namba yako hatukuihitaji. Tulitaka kujua wewe ni mtu wa nani."

"Abundio yuko wapi?"

"Walimuuliza nani amekutuma wewe kudanganya. Akasema hajui lolote, muulizeni mke wangu. Wakadhani ni mkaidi. Wamemuuliza tangu jana mchana mpaka leo alfajiri."

Mashine ilikuwa bado inazunguka, tortila zinaanguka moja moja kwenye kapu na hakuna anayezipokea. Delfino alivaa kofia.

"Yuko chini ya daraja. Mkamchukue kabla jua halijawa kali."

Tulikwenda sisi wawili na mkokoteni wa mahindi. Wale thelathini na sita walituona tukipita, wakageuza nyuso. Sitasema tulichokikuta. Tulimrudisha, na Hermelinda alimwosha mwenyewe, mezani, pale pale dukani, akanizuia nisimsaidie. Alimwosha mikono kwa muda mrefu sana, kidole kwa kidole, vile vilivyobaki. Hakulia. Alipomaliza akakamua kitambaa, akasema bila kunitazama:

"Ningemwambia, Chole. Angekuwa na kitu cha kuwapa, wangemmaliza mchana ule ule, asingeteseka mpaka alfajiri."

Nilitaka kumwambia kwamba familia thelathini na moja ziko hai. Nilichukua ndoo ya maji, nikaenda kuimwaga nje.